Shukrani za familia: mguu wa mdogo wetu

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na majirani wa Mabokweni, Tanga, na nyote wa Dar es Salaam, Mombasa na Muscat mliotuchangia.

Alhamdulillahi, siku ya Jumanne mdogo wetu amefunguliwa vyuma. Ametembea kwa gongo moja kutoka kitandani mpaka mlangoni. Mama aliangua kilio hadi majirani wakakimbilia kwetu wakidhani kuna msiba.

Mnaikumbuka ajali ile ya bodaboda, mfupa wa muundi ulipochomoza nje. Alitiwa chuma ndani, tukajua yamekwisha. Miezi mitatu haijatimia, usaha ukaanza. Kidonda kikifunga huku, kinafumuka kule, na mfupa hauungi. Mwaka mzima hivyo. Wageni wakija alikuwa anafunika mguu kwa kanga mbili wasisikie harufu, nasi tunajifanya hatusikii. Hospitali moja wakatuletea karatasi tusaini akatwe chini ya goti. Baba alishika kalamu, akairudisha mezani.

Ndipo Mungu akatukutanisha na daktari wa Dar. Alitueleza taratibu: vijidudu vimejificha kwenye mfupa uliokufa na kwenye kile chuma, ndiyo maana dawa haziwafikii. Akakitoa, akakata sentimita 5 za mfupa uliooza, akaufunga mguu kwa pete za chuma za nje zilizoshikwa na waya zinazopenya mfupani. Njia hii aliianzisha Ilizarov, daktari wa Kurgan, Urusi. Juu kidogo, palipo pazima, mfupa ukakatwa tena, kipande kikawa kinashushwa milimita 1 kwa siku kuziba lile pengo, na nyuma yake mfupa mpya unaota. Subhanallah! Kazi yote ni kuzungusha nati robo mzunguko mara nne kwa siku, kwa spana namba 10, ileile ya pikipiki.

Shangazi, wewe tukuambie nini? Miezi 9 umesafisha matundu ya waya, hata Idi hukuruka. Na wewe dereva mwenzake wa kijiweni, sisi tulipoogopa kugusa nati ulikuja na spana yako kila alfajiri, ukatufundisha mpaka mikono ikaacha kutetemeka.

Asanteni kijiwe kizima, wazee wa msikiti, akina mama wa kikoba, walimu, wauguzi wa wodi, waliotoa damu, waliotoa nauli, waliotuma kwa simu bila kutaja jina, waliopika, waliokesha kwa dua. Daftari la michango lililowa mvua, kurasa mbili hazisomeki. Ambaye hatukumtaja, wallahi si dharau, tunaomba radhi kwa unyenyekevu. Mola awalipe kila la heri.

Kisomo cha shukrani ni Ijumaa hii baada ya Isha, nyumbani. Karibuni chai.

Na mzee uliyetuazima magongo: moja linarudi kesho, la pili tuvumilie kidogo.

Kwa niaba ya familia,
Kaka mkubwa