Kikao cha Jumamosi: safari yetu ya Umra

Assalaam alaykum jamaa zangu. Kikao ni Jumamosi hii saa kumi na nusu, baada ya Alasiri, ukumbi wa madrasa, Kibokoni.

1. Njooni na shilingi 600 kila mtu, za mto wa shingo na soksi za kubana. Soksi msizidharau: ukikaa kitako saa nyingi kwenye ndege miguu hufura, na wazee wetu ndio huumia zaidi. Vijana, wainueni watembee kidogo njiani mle ndani.
2. Anayehitaji kiti cha magurudumu aniambie leo. Shirika la ndege hutaka kujulishwa mapema.

Kina mama, ndege ikianza kushuka wanyonyesheni watoto, masikio yasiwaume.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Ijumaa magharibi: jina, na mko wangapi.