Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo wa chuo chetu

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: AHADI YA KITENGO CHA AFYA YA WANAMICHEZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini hujambo na majukumu yanakwenda vizuri. Barua zangu za awali zilipitia masijala kwa utaratibu unaotakiwa, na karani ameniapia kwamba hazikupotea, ziko mezani kwako. Kwa kuwa meza yako ina mengi, hii naiweka hadharani, labda itakufikia kwa kuisikia kwa watu. Jina la chuo silitaji. Wewe unajijua, na mimi unanijua: ndimi yule ambaye wanafunzi wanamwita Dada Barafu.

Jumamosi iliyopita nusu fainali ilirudishwa nyuma ikaanza saa nane mchana, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na safari jioni. Saa nane, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Wakati wa mapumziko kiungo wetu wa mwaka wa pili alinifuata akaniuliza mpira umeishaje. Nikamuuliza ni ngapi ngapi, hajui. Nikamuuliza leo siku gani, akacheka tu. Mwili unawaka, jasho linamtiririka. (Wengi hudhani aliyezidiwa na joto lazima awe mkavu. Aliyezidiwa akiwa anakimbia mara nyingi bado anatoka jasho, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.) Nikamwambia kocha huyu harudi uwanjani. Kocha hakunijibu, aliangalia jukwaani. Nawe, Ndugu Mkurugenzi, ukiwa chini ya hema na feni ikikupepea, ulipunga mkono: acheze.

Kipindi cha pili hakijafika nusu, kijana akaanguka karibu na kibendera cha kona. Gari la wagonjwa la chuo lilikuwa limetumwa kufuata viti. Tangi la kumzamishia mchezaji kwenye maji ya barafu, ambalo nimeliomba tangu niliporudi kutoka masomoni Marekani, halipo. Aliyemwokoa mtoto wa watu ni mama lishe wa getini. Alivua turubai la banda lake mwenyewe, akaliburuta hadi uwanjani huku chipsi zake zikiungua. Vijana wakashika kingo, tukamlaza katikati, tukammwagia deli zima la barafu lililokuwa la soda za wageni, pamoja na ndoo za maji ya kuoshea vyombo, tukawa tunamyumbisha huku na huku ili maji yampitie mwili wote. Alipoanza kutetemeka na kunitukana, nilimshukuru Mungu. Ndipo gari likaja, viti vikashushwa, akapelekwa hospitali. Anaendelea vizuri.

Jumatatu ofisi yako ikabandika tangazo: mchezaji alipatwa na "uchovu wa kawaida" kutokana na kutopata kifungua kinywa, na hali ilidhibitiwa kwa ushirikiano wa uongozi. Uongozi! Mama lishe bado anadai turubai lake.

Nikukumbushe kidogo, maana wakubwa mna mengi. Kabla sijaondoka ulinisainisha mkataba wa likizo ya masomo kwamba nikimaliza nitarudi kukitumikia chuo. Mbele ya kikao cha idara ulisema unampeleka "binti yetu" akasome, akirudi atakuja kutuongozea kitengo. Ulitaja chumba, ukataja bajeti, ukataja wasaidizi. Watu walipiga makofi, nami nilipiga.

Nimetimiza upande wangu. Nilianza na uzamili, kwa kuwa Marekani siku hizi huingii kwenye kazi hii ya kuwahudumia wanamichezo walioumia au kuzidiwa (wenyewe huiita athletic training) bila uzamili, nikafanya mtihani wa bodi ya fani, kisha nikaendelea na uzamivu wa kitaaluma wa afya ya wanamichezo, yaani ule wa watendaji kazi, si PhD. Ni shahada changa. University of Idaho waliianza mwaka 2011, na wengine wakafuata. Anayesoma ni mtu ambaye tayari amefuzu na ana wagonjwa mikononi. Hafungiwi maktaba kuandika kitabu cha kusomwa na wasahihishaji watatu. Anachukua wagonjwa wake mwenyewe, anapima matokeo yao, anajibana kwa maswali: kwa nini yule goti lilipona mapema na huyu anachechemea mpaka leo? Halafu anafundishwa kuongoza: kupanga bajeti ya tiba, kuandika mpango wa dharura na kuufanyia mazoezi, kusimamia wenzake, na kumweleza mkurugenzi jambo asilopenda kulisikia. Hilo la mwisho nilipata alama nzuri, ingawa sasa naona mtihani wa kule ulikuwa mwepesi.

Mafunzo ya vitendo niliyafanya kwenye shule ya sekondari huko Texas. Mwezi wa nane, joto lake si mchezo, tangi linajazwa maji na barafu kabla mpira haujatoka stoo. Tangi halijajaa, mazoezi hayaanzi, na kocha analijua hilo kama anavyojua jina lake.

Nimerudi, kamati ikaguna. Huyu si daktari wa hospitali. Huyu si PhD ya utafiti. Sasa tumweke wapi? Mkaniweka stoo ya jezi. Kitengo mlikiunda kweli, sikatai, hata kibao kipo mlangoni. Mkuu wake ni kaimu, kada yake ni ugavi. Kazi yangu ni kubeba deli.

Kwa nini? Nina dhana zangu. Labda ni posho za safari, maana mkuu wa kitengo husafiri na timu. Labda kaimu ni mtu wako, sijui, watu husema mengi. Wengine wananiambia eti ni kwa sababu mimi ni mwanamke. Ila baada ya Jumamosi naona jingine: hutaki pawe na mtu mwenye ruhusa ya kusema "huyu hachezi" mbele ya mgeni rasmi.

Huko nilikosoma jambo hili halikuachwa kwenye hisani ya mtu. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kinataka kila chuo kimteue msimamizi wa huduma za afya za wanamichezo, na kwamba katika tiba na suala la mchezaji kurudi uwanjani, kauli ya daktari na mtaalamu wa afya ya wanamichezo haipinduliwi na kocha. Na hata hivyo watu wamekufa. Tarehe 29 Mei 2018 Jordan McNair, kijana wa miaka 19, alizidiwa na joto mazoezini katika chuo kikuu cha Maryland. Hakuzamishwa kwenye maji baridi. Alifariki tarehe 13 Juni. Kocha mkuu alifukuzwa mwaka huohuo, na mwaka 2021 zikakubaliwa dola milioni 3.5 kwa familia yake. Linganisha na mbio za Falmouth, Massachusetts: kwa miaka 18 walipokea wakimbiaji 274 waliozidiwa na joto namna hiyo, wakawazamisha kwenye matangi palepale, wakapona wote. Wote, Ndugu Mkurugenzi. Tangi la plastiki la lita 500 lililokatwa juu, na barafu ya soko la samaki la Feri. Sidhani gharama yake inafika posho yako ya safari moja ya Dodoma.

Mwaka 2027 tunapokea AFCON pamoja na Kenya na Uganda, na kwenye hotuba nakusikia ukisema chuo chetu kitatoa wataalamu. Kitawatoa wapi? Stoo?

Nilikuwa naomba kitengo nilichoahidiwa. Naona hilo limekuwa zito. Nikaomba tangi, kipimajoto cha kupima joto la ndani ya mwili, na gari la wagonjwa lisilobeba viti. Hayo nayo yako kwenye mchakato. Mlipeni mama lishe turubai lake, hilo halihitaji mchakato. Kwangu mimi naomba nusu ukurasa tu: kwamba mtaalamu wa afya akisema mchezaji atoke, anatoka, na hakuna wa kupunga mkono. Nusu ukurasa, sahihi na muhuri.

Naihitaji kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa. Jumamosi tuna mechi ya mshindi wa tatu, na ratiba imeandikwa saa nane mchana tena. Jana kocha ameniuliza kama yule kiungo atacheza. Mwongozo wa fani unataka apumzike si chini ya siku 7 tangu kutoka hospitali, apimwe, kisha arudishwe kidogo kidogo. Nimemjibu hachezi. Akasema atakuja kukuuliza wewe.

Akija, mwambie aniulize mimi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtaalamu wa Afya ya Wanamichezo
(kwa sasa: stoo ya jezi)