Shukrani kwa dada wa kwenye foleni

Dada uliyekaa nami kwenye foleni ya daktari wa mifugo, hukutaja jina, basi nakushukuru hadharani. Nilikuwa na kitoto cha paka aliyeokotwa mtaroni: kichwa kinatikisika, miguu ameitanua, kila hatua mwereka. Nilishashauriwa achomwe sindano afe tu. Wengine wakavuta paka wao mbali, eti atawaambukiza.

Wewe ulimpokea. Ulimweka sakafuni, ukamsogezea chakula, ukanionyesha jinsi mtetemo unavyozidi anapolenga chakula na kutulia anapolala. Ukasema huenda serebela, sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo, haikukua vizuri, mara nyingi kwa sababu mama alipata virusi vya panleukopenia, ugonjwa wa paka, akiwa na mimba. Hali yenyewe haiumi, haiambukizi, wala haizidi kadiri anavyokua. Daktari naye akasema hayohayo.

Kisha ukaja mpaka nyumbani, na hapo ndipo uliponimaliza. Ulitandika zulia ili kucha zipate pa kushika, ukaleta bakuli zito ukaliinua kidogo, ukakata upande mmoja wa beseni la mchanga wa kujisaidia aingie bila kuruka. Ukanifundisha kumshika mbavuni kwa viganja viwili anapokula, asijigonge pua.

Sasa anakula mwenyewe, ameegemea ukuta. Kuanguka bado anaanguka, na nje haendi peke yake. Ndugu zangu, mkimwona paka anayepepesuka, mpelekeni kwanza akapimwe.