Maji ya tumboni yapimwe kabla ya kumwagwa

Mhariri,

Kila ugonjwa wa figo unapojadiliwa kwenye kurasa zenu, mazungumzo huishia kwenye mashine za kusafisha damu: hospitali ya Kiruddu pale Kampala zipo ngapi, ngapi zimeharibika, Mbarara nako hali ikoje. Mimi ni mtu wa maabara huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na mashine inamtaka mgonjwa mara mbili au tatu kwa wiki. Familia huuza ng'ombe, kisha kipande cha shamba, halafu safari zinakoma. Ndiyo maana nawaunga mkono wanaotaka njia ya kusafisha damu kupitia tumbo ipewe nafasi, ingawa kuna jambo wanaloliruka.

Njia yenyewe haina makuu. Mgonjwa huwekewa mpira mwembamba tumboni, anaingiza kiasi cha lita 2 za maji ya glukosi, anakaa nayo saa 4 hadi 6, anayatoa na kuingiza mengine, kwa kawaida mara 4 kwa siku. Haihitaji umeme. Anaweza kuifanya nyumbani kwake, ilimradi anawe mikono vizuri na mfuko ufike. (Kufika kwa mfuko ni barua nyingine.) Hatari kubwa ni maambukizi ya utando wa tumbo. Yakimrudia mara kwa mara, utando huchakaa, mpira hutolewa, na mgonjwa anarudishwa kulekule kwenye mashine.

Kuyagundua ndiko kunakotupa shida. Mgonjwa hufundishwa kuweka mfuko wa maji yaliyotoka juu ya karatasi iliyochapwa. Asipoweza kuziona herufi kupitia maji hayo, awahi hospitali. Gazeti lenu linaifaa sana kazi hiyo. Lakini maji yakifikia kuwa na ukungu, wadudu wamekwisha kujenga. Hospitalini tunatafuta chembe nyeupe zaidi ya 100 katika mikrolita moja, zaidi ya nusu ziwe nutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Hesabu hiyo inataka hadubini, mtu wa kuisoma, na maji yaliyotoka muda si mrefu. Yakisafirishwa kutwa nzima juani chembe hupasuka, na jibu tunaloandika linakuwa la uongo.

Hapo ndipo protini zinapotufaa sisi wa mbali kuliko watu wa mijini. Utando ukishambuliwa, mwili humwaga ndani ya maji hayo protini kama interlukini-6, NGAL na MMP-8, na sampuli ikipozwa mapema na kugandishwa, nyingi kati yake hustahimili safari ambayo chembe haziiwezi. Uingereza wameshatengeneza kipimo kinachosoma interlukini-6 na MMP-8 palepale kitandani, kwa mstari kama wa kipimo cha mimba.

Ziko pia zinazoonya juu ya kuchakaa kwa utando wenyewe, jambo linalochukua miaka. CA-125, ambayo wengi tunaijua kwa saratani ya ovari, ikiwa ndani ya maji haya huonyesha wingi wa seli zinazoufunika utando. Watafiti wa Amsterdam waliona kwamba wagonjwa waliokuja kupata kovu zito linaloyabana matumbo walikuwa na CA-125 ya chini na interlukini-6 ya juu kabla ya ugonjwa kujitokeza. Ila kipimo kimoja hakisemi kitu. Inabidi mtu alinganishwe na yeye mwenyewe, mwezi kwa mwezi, na muda ambao maji yamekaa tumboni uandikwe. Muuzaji akija na kiboksi cha vipimo akidai namba moja inatosha, mwambieni akae kwanza.

Hatuna haja ya kusubiri kiboksi hicho. Vijiti vya kupima mkojo tayari vipo vituoni, na kile kipande cha leukosaiti, yaani chembe nyeupe, hugeuka zambarau hata kwenye maji ya tumbo yenye maambukizi. Sharti ni kusubiri dakika 2 kamili. Nimeona mara nyingi kijiti kikichovywa, kikatazamwa hapohapo na kutupwa, kikiwa bado hakijabadilika. Nimeona pia makopo yaliyoachwa wazi dirishani mpaka vijiti vyote vimeharibika kwa unyevu.

Kuhusu protini, Uganda ina pikipiki zinazokusanya sampuli za virusi vya UKIMWI vituoni, na mtandao huo unazifikisha hadi maabara kuu ya Butabika. Chuo Kikuu cha Makerere wana hifadhi ya sampuli. Wizara ikianza kupeleka mifuko ya maji wilayani, imwongezee mwendesha pikipiki chupa moja ya mililita 10 kwa kila mgonjwa kila mwezi, ndani ya kisanduku cha barafu, ikiwa na saa ya kuingiza na saa ya kutoa. Bila hivyo, viwango tutakavyotumia kuwatibu watu wa Arua vitakuwa vya watu wa Ulaya, wakati maji ya wagonjwa wetu yanamwagwa chooni mara nne kwa siku.

Mtaalamu wa maabara,
Arua