Ukame ukija, tuwasikilize wazee kama ndovu

Mhariri,

Kila ukame unapobisha hodi, wakubwa wetu huitisha kongamano katika hoteli za Nairobi, na ni nadra kumwona humo ajuza aliyewahi kuvuka kiangazi kikali na mifugo yake. Ndovu wangetucheka.

Mwaka 1993, ukame ulipokumba Mbuga ya Tarangire nchini Tanzania, baadhi ya makundi ya ndovu yalihama kutafuta maji na malisho nje, mengine yakabaki. Yaliyobaki yalipoteza ndama wengi zaidi. Watafiti wanadhani waliohama waliongozwa na majike wakongwe waliokumbuka ukame wa 1958 hadi 1961.

Kumbukumbu si kitu pekee tunachoshiriki nao. Katika kituo cha ndovu yatima hapa Nairobi, watunzaji hulala zizi moja na ndama, maana maziwa matupu hayamkuzi yatima. Wakati wa kunyonya chupa, blanketi hutundikwa ili ndama aegemeze mkonga wake kama kwa mamaye. (Watoto wa shule hucheka sana hapo.)

Kongamano lijalo, waalikeni akina nyanya kutoka Marsabit na Turkana, na wapewe maikrofoni kabla ya chai ya saa nne.

Msomaji wenu,
Lang'ata, Nairobi