Barua kwa mwalimu mwenzangu: jinsi p53 inavyoipinda DNA

Sinza, Dar es Salaam

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dodoma, wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo, ni joto tu linalotusumbua. Nimeona nikuandikie mapema kwa sababu jibu nililokupa uliponiuliza jinsi p53, ile protini inayozuia seli zisigeuke saratani, inavyotambua mahali pa kushika kwenye DNA, lilikuwa na kasoro, nami nisingependa wanafunzi wako wa kidato cha sita walirithi kosa langu. Nilikuambia kwamba huisoma DNA herufi kwa herufi, kama mtu anayesoma kibao cha duka.

Habari ya herufi ni kweli, ila haitoshi. Protini hii, iliyogunduliwa mwaka 1979, hutafuta mahali penye vipande viwili vya jozi 10 za besi (ndizo herufi za DNA: A, T, C na G) kila kimoja, ambavyo katikati yake huwa na C, kisha A au T mara mbili, kisha G. Kila kipande hushikwa na molekuli mbili za p53, kwa hiyo hukusanyika nne. Nilichokiacha ni kwamba vipande hivyo vinapofuatana bila pengo, molekuli zote nne hujikuta zimepangana upande mmoja wa DNA, na hapo ndipo shida ya nafasi inapoanza.

Juzi nilipanda daladala kwenda Kariakoo, nikaketi kiti cha nyuma, na kondakta, kama ilivyo ada yao, akatuamuru tusogee ili aongeze abiria mmoja. Tukabanana mabega hata jirani yangu akalazimika kukaa upande upande. Lau kiti kile kingepinda kama mgongo wa daraja, nasi tumekalia juu ya mgongo huo, mabega yetu yangeachana bila yeyote kuhama mahali pake. DNA hufanya hivyo hasa: hupinda kwenda mbali na zile molekuli nne, nazo hupata nafasi. Vipimo vya miaka ya 1990 vilivyofanywa kwenye DNA iliyo ndani ya maji vilionyesha kupinda kwa takriban digrii 50, pamoja na msokoto kukazwa zaidi. Katika picha za fuwele, yaani zinazopatikana molekuli zikiwa zimegandishwa kuwa fuwele, DNA huonekana imenyooka zaidi, kwa hiyo usiwakaririshe wanafunzi tarakimu hiyo kana kwamba ni sheria.

Sasa utaona kwa nini herufi pekee hazitoshi. Pale katikati ya kipande panaposomeka CATG, DNA hulegea na kupinda kwa urahisi, kwa kuwa kiungo cha C na A, kama kile cha T na G, ni laini kuliko viungo vingi. Mahali pa namna hiyo p53 hushika kwa nguvu zaidi, na mfano mzuri ni jeni ya p21, ambayo ikiwashwa na p53 huisimamisha seli isigawanyike. Kwa maneno mengine, protini hii hupima pia ulaini wa kamba inayoishika.

Kuhusu swali lako la jinsi sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi, inavyoiharibu p53, tazama asidi amino (matofali ya protini) mbili zilizo jirani katika p53, ya 248 na ya 249, zote zikiwa za aina iitwayo arginini. Ya 248 huingia kwenye mfuo mdogo wa DNA, yaani ule mwembamba kati ya mifereji miwili inayoizunguka. Ya 249 haiigusi DNA kabisa. Kazi yake ni kukaza kitanzi cha protini kinachoibeba jirani yake. Sumukuvu huweza kubadilisha besi moja tu, G ikawa T, na arginini ya 249 ikawa serini, asidi amino nyingine. Kitanzi hulegea, na mshiko wote huharibika. Badiliko hilo limeonekana mara nyingi katika saratani ya ini kwenye maeneo yenye sumukuvu na homa ya ini B. Lisichanganywe na msiba wa mwaka 2016 huko kwenu na Manyara, ambapo sumukuvu iliua watu kwa sumu ya papo kwa papo, pasipo kungoja saratani.

Utakapochora ubaoni, tafadhali uichore DNA ikiwa imezipa mgongo zile molekuli nne. Mimi nimekuwa nikiichora ikizikumbatia, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kunisahihisha.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, rafiki yako wa Sinza