Viumbe wapya wa bahari yetu watambuliwe pamoja na wataalamu na wavuvi wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hutajwa kwenye habari siku moja kisha likasahaulika, nalo ni kugunduliwa kwa aina mpya za samaki na wanyama wengine wa baharini katika miamba ya pwani yetu. Ninaamini kwa dhati kwamba wataalamu na wavuvi wetu wanapaswa kuwamo katika kazi hiyo tangu hatua ya kwanza, wala si kuja kusomewa matokeo mwishoni.

Mwezi Julai mwaka 2019, jarida la kisayansi la ZooKeys lilichapisha maelezo ya samaki mdogo aliyepatikana katika miamba ya Zanzibar, kwenye kina kinachofikia mita 80 hivi. Aliitwa Cirrhilabrus wakanda, na ukoo wake ni jirani wa ukoo wa pono. Magamba yake yana rangi ya zambarau iliyokolea kiasi kwamba haikutoka hata baada ya samaki huyo kuhifadhiwa, ilhali samaki wengi wa miamba hupauka wakitiwa dawa. Watafiti wanne walioandika makala hiyo walitoka katika taasisi za Australia na Marekani. Siwalaumu hata kidogo, kwa sababu kina hicho hakifikiki kwa mitungi ya kawaida ya kuzamia; kinahitaji vifaa vinavyosafisha pumzi ya mzamiaji na kumrudishia, na mafunzo ya kuvitumia ni marefu na ya gharama. Hata hivyo, inasikitisha kwamba samaki wa Zanzibar aliingia katika vitabu vya sayansi bila jina la mtafiti wa Kitanzania miongoni mwa waandishi.

Wenzetu wa Maldives wametuonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda vingine. Mwaka 2022 samaki wa jamii hiyohiyo, Cirrhilabrus finifenmaa, alielezwa kwa ushirikiano na Ahmed Najeeb wa taasisi ya utafiti wa bahari ya nchi hiyo, na akawa samaki wa kwanza kuelezwa rasmi na mtafiti wa Maldives. Tangu miaka ya 1990 alikuwa amechanganywa na samaki mwingine aliyeelezwa kutokana na mtoto mmoja tu wa samaki, aliyepatikana visiwa vya Chagos. Ilibidi wahesabu magamba, wapime urefu wa miiba ya pezi la mgongoni na kulinganisha vinasaba ndipo ikathibitika kwamba ni aina mbili tofauti. Lililonigusa zaidi ni kwamba samaki huyo alikuwa tayari akivuliwa na kuuzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo kabla ya kupata jina. Kiumbe asiye na jina hawezi kuandikwa katika sheria wala kuwekewa kiwango cha uvuvi, na akipungua hakuna anayejua kwamba amepungua.

Kwa wanyama wasio na uti wa mgongo hatari hiyo ni kubwa zaidi. Mchukulie jongoo bahari, ambaye huvuliwa, huchemshwa, hukaushwa na kusafirishwa Asia. Akishakauka husinyaa, na aina nyingi hufanana. Mtaalamu anayetaka uhakika hukata kipande kidogo cha ngozi, akakiyeyusha kwa dawa, kisha akatazama kwa hadubini vijifupa vya chokaa vilivyomo ndani yake, maana umbo la vijifupa hivyo ndilo linalosaidia kutenganisha aina moja na nyingine. Ni majongoo wangapi wanaopita bandarini kwa magunia wakiwa wamepimwa namna hiyo? Konokono, kaa na sifongo wadogo waliojificha kwenye matumbawe hata hawafiki sokoni, na kinamama wanaochokoa pweza maji yanapokupwa huenda ndio watu pekee wanaowaona mara kwa mara.

Sisi wa Tanga tunajua mchango wa mvuvi katika sayansi. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa jarife, wakitafuta papa kwenye maji ya kina, walianza kuwatoa silikanti, samaki ambaye hadi mwaka 1938 wanasayansi walidhani alitoweka zamani za kale. Samaki hao walioletwa na wavuvi ndio waliochangia kuanzishwa kwa hifadhi ya bahari ya silikanti mwaka 2009. Na mwezi Machi mwaka 2025 mradi wa Ocean Census, unaotafuta viumbe wapya wa baharini, ulitangaza aina mpya ya samaki wa jamii ya taa mwenye umbo la gitaa, aliyepatikana kwenye maji ya Msumbiji na Tanzania, katika kundi ambalo ni miongoni mwa yanayotishiwa zaidi kutoweka. Mradi huohuo unaeleza kwamba kati ya kiumbe kupatikana na kusajiliwa rasmi inaweza kupita miaka 13 na nusu. Muda huo ni mrefu mno kwa samaki anayenasa nyavuni kila msimu.

Kwa hiyo naziomba mamlaka zinazotoa vibali vya utafiti zihakikishe kwamba kila msafara wa kigeni unakuwa na mtafiti wetu anayeshiriki hadi kuandika makala, na kwamba sehemu ya sampuli inabaki nchini, iwe kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar au kwa wenzao wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI). Naomba pia kila diko kubwa, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki, lipatiwe ofisa mmoja aliyefundishwa, mwenye rula, kamera na chupa za spiriti, ambaye mvuvi au mchokoaji anaweza kumpelekea kiumbe asichokitambua, yakaandikwa jina la aliyekileta, mahali na kina alipokipata, na baadaye akarudishiwa jibu.

Mwalimu wa baiolojia,
Tanga